MWAMBIE DAKTARI KAZI YAKO



Mara nyingi katika ukurasa huu wa kwanza twaandika juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Mwezi huu twaandika juu ya figo. Msishangae. Mshahara ukiwa mdogo twaweza kuketi na mwajiri tukajadiliana hata ukaongezwa. Lakini figo zikiharibika, hakuna mkutano wa kuzijadili.

Kuna homa ambayo humpata mtu afanyaye kazi penye maji machafu, tope na mkojo wa wanyama. Jina lake la kitabuni ni leptospirosisi. Mwezi wa Julai 2022 ilizuka Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, Tanzania. Watu walishikwa na homa, wakaumwa kichwa, wakatokwa na damu puani, na mwanzoni watu waliuita ugonjwa usiojulikana. Serikali ya Tanzania ilipotangaza ni ugonjwa gani, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 20, na 3 kati yao wamekwisha kufa. Wenzetu wale waliuita homa ya mgunda, na mgunda ni shamba. Jina hilo latufaa na sisi, maana lamwambia mtu mara moja kwamba homa hii huokotwa kazini.

Wala si ugonjwa mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1977 madaktari waliandika habari zake kutoka Kwale na Nyanza. Mwaka 2004 ulizuka Bungoma ukawapata wanafunzi, na wengine wakafa. Mwaka 2013 wataalamu waliopima panya wa Kibera, wakubwa kwa wadogo, walitangaza kwamba karibu panya 18 katika kila 100 walikuwa na kidudu hiki. Mwaka 2017 walitangaza habari za wafanyi kazi wa machinjioni huko magharibi ya Kenya: katika kila watu 100, karibu 13 walikuwa na alama katika damu yao kwamba kidudu kimekwisha kuwaingia.

HOMA YA WAFANYI KAZI

Tangu zamani homa hii imewafuata wafanyi kazi. Mwaka 1886 daktari Adolf Weil wa Heidelberg, Ujerumani, aliandika habari za wagonjwa wenye homa, macho ya manjano na figo zilizodhurika. Kidudu chenyewe kilipatikana Japani, katika mwaka 1915, na mabwana Inada na Ido pamoja na wenzao, nao walikipata katika nchi ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliofanya kazi majini ndani ya migodi. Katika Vita Kuu ya Kwanza kiliwaumiza askari waliokaa katika mahandaki yenye maji na panya. Mwaka 1934 kilionekana Aberdeen, Uskoti, kwa watu waliokuwa wakisafisha samaki kwa mshahara. Wako pia wakata miwa, wazibuaji wa mifereji ya maji machafu, wachinjaji na wakulima wa mpunga. Tazameni orodha hiyo, ndugu zetu. Wote ni watu wenye miguu iliyolowa.

Njia yake ni hii. Kidudu hukaa ndani ya figo za panya bila kumwumiza, nacho hutoka pamoja na mkojo wake. Hukaa vile vile katika ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mbwa. Mkojo ukianguka katika maji au udongo wenye unyevu, kidudu chaweza kuishi humo kwa wiki nyingi. Mtu akikanyaga maji hayo akiwa na mkwaruzo mguuni, au ngozi iliyolegea kwa kulowa siku nzima, au akinawa uso kwa maji hayo, kidudu huingia. Hahisi chochote siku hiyo. Homa huja baadaye, mara nyingi kati ya siku 5 na 14, naye amekwisha kusahau ule mtaro.

Sasa tutazame kwetu. Kitengela ya zamani ilikuwa malisho. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta mjini zaidi ya watu 150,000, na mitaro ya maji haikukua kama nyumba zilivyokua. Mifugo huingia kila siku kuuzwa na kuchinjwa, takataka hulala karibu na vibanda vya chakula, na panya hushiba. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 maji yaliingia katika nyumba za watu Kitengela, watu wakaokolewa, na barabara ya Namanga ikafungwa. Maji yale yalipitia chooni, zizini na jaani kabla ya kufika mlangoni. Ukienda mbele Kajiado, shida huja kwa upande mwingine. Mvua zikikosa, ng'ombe, mbuzi, punda na watu hukutana katika bwawa moja linalozidi kupungua.

Na sisi wa reli twafanya kazi gani? Twazibua kalvati kabla ya mvua na baada ya mvua. Twashika kokoto na mbao zilizolala katika tope. Twafagia mabehewa yaliyobeba nafaka, ambamo panya wamefanya makao. Maji yakikata njia, genge huitwa usiku, na watu husimama katika maji mpaka magotini hata njia ifunguliwe. Hivyo ndivyo ilivyo katika njia kuu ipitayo Athi River, karibu na Kitengela, na vivyo hivyo katika njia ya kutoka Konza kupitia Kajiado mpaka Magadi, ambayo imekuwako zaidi ya miaka 100. Hatusemi kwamba kila mwenye homa katika sehemu hizi ana homa ya mgunda. Twasema kwamba mfanyi kazi wa namna hii akishikwa na homa, ni lazima ugonjwa huu ukumbukwe.

MALARIA, MALARIA, MALARIA

Hapa ndipo penye hatari. Homa hii huanza kama malaria: baridi, kichwa kuuma, mwili kuchoka, kutapika. Mtu huenda katika duka la dawa, hununua dawa ya malaria na vidonge vya maumivu, akarudi kazini. Au aenda zahanati, akaambiwa ni malaria kwa sababu mgonjwa wa kabla yake naye alikuwa na malaria.

Tusilaumu bila ushahidi. Ushahidi uko karibu, katika barabara hii hii yetu ya Namanga ukiifuata mpaka Arusha na kufika Moshi. Wataalamu waliwachunguza wagonjwa wa homa 870 waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi, wakatoa habari mwaka 2013. Katika hao 870, madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Walipopimwa vizuri, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na magonjwa mengine, na mojawapo lilikuwa leptospirosisi. Wote hao 870 walikuwa wagonjwa waliolazwa kitandani. Basi yule aliyepewa vidonge dirishani akaambiwa nenda nyumbani, ni nani aliyemchunguza?

Ziko dalili ambazo yatupasa tuzijue. Mashavu ya miguu huuma sana, hata mtu akishikwa hapo hupiga kelele. Macho huwa mekundu bila kutoa usaha. Baada ya siku chache homa yaweza kupungua, mtu akashukuru Mungu kwamba amepona, kisha ikarudi kwa nguvu. Katika kila wagonjwa 10, karibu 9 ugonjwa wao huwa mwepesi. Lakini yule wa kumi macho huwa ya manjano, damu hutoka puani au kifuani, na figo huanza kushindwa. Kipimo cha kuthibitisha ugonjwa huu huhitaji maabara kubwa, na mara nyingi huhitaji damu ya mara mbili, siku 10 au 14 zikipita katikati. Mgonjwa hawezi kungoja hivyo. Kwa sababu hiyo daktari huanza dawa kwa kufikiri, na hawezi kufikiri vizuri kama hakuambiwa mgonjwa anafanya kazi gani.

FIGO NA MKOJO UNAODANGANYA

Kila figo ina vichujio vidogo vidogo karibu milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake. Damu huchujwa, kisha mrija hurudisha mwilini maji na chumvi zinazofaa, na taka hutoka kwa mkojo. Wazee wetu waliofanya kazi katika injini za mvuke walijua kwamba boila ikiharibika mirija, gari halifiki kituoni hata kama moto unawaka. Mwili nao ni hivyo.

Kidudu hiki hupenda sana mirija ya figo. Kikiingia huivimbisha, nayo mirija hushindwa kurudisha chumvi. Basi hutokea jambo la kudanganya: mgonjwa hukojoa kama kawaida, au kuzidi kawaida, na huku taka zinajaa katika damu na chumvi ya potasiamu inapotea. Watu wa nyumbani humwuliza, "Wakojoa?" Akijibu ndiyo, hutulia. Ndugu zetu, msitulie. Katika ugonjwa huu mkojo mwingi si cheti cha figo nzima. Cheti ni kupimwa damu, kipimo kiitwacho kreatinini, ambacho hospitali nyingi huweza kukifanya.

Mgonjwa akiendelea kutapika bila kunywa, mwili hukauka, na hapo mkojo hupungua na hata kukatika. Hiyo ni hatua mbaya zaidi. Na kuna kosa lifanywalo kila siku, la kumeza diklofenaki au ibuprofeni kwa sababu miguu inauma, au kuchomwa sindano ya maumivu ili mtu awahi zamu. Dawa hizo hupunguza damu inayofika katika figo. Mtu ambaye figo zake zimekwisha kuvamiwa huzisukuma shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Maumivu ya homa ambayo haijajulikana yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo chake, na mgonjwa anywe maji.

Dawa ya kuua kidudu si ya ajabu wala si ya matajiri. Ugonjwa ukiwa mwepesi hutumika doksisaiklini. Ukiwa mzito hutumika penisilini au seftriaksoni ya sindano. Dawa hizi ziko nchini tangu siku nyingi. Msinunue wenyewe dukani. Mwacheni daktari apime na kuamua. Lakini mjue kwamba dawa ikianza mapema ndipo ifaapo zaidi, kabla figo hazijalala.

MASHINE SI KABURI

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Hapa twataka kusema na jamaa za wagonjwa. Watu wengi wakisikia neno mashine huona kaburi, au huona deni lisilokwisha mpaka shamba liuzwe, nao humtoa mgonjwa hospitali wakampeleka nyumbani. Kwa mtu ambaye figo zake zimekufa kwa kisukari au presha ya miaka mingi, ni kweli mashine huwa ni ya maisha, ila akipata figo nyingine. Lakini katika homa ya mgunda mara nyingi figo zimelala tu. Mashine humshikia mgonjwa kazi mpaka ziamke. Wengi wanaopona, figo zao hurudia kazi baada ya wiki kadhaa. Wachache hubaki na udhaifu, na ndiyo sababu kila aliyepona apimwe tena baada ya miezi, hata akijiona ana nguvu.

Kuchelewa ndiko kunakoua. Madaktari wa São Paulo, Brazili, walitangaza mwaka 2007 habari za wagonjwa 33 mahututi wa ugonjwa huu waliohitaji mashine. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 15, wakachelewa kuanza, na wakasafishwa siku moja na kuruka siku moja. Wakafa 10. Kundi la pili lilikuwa la watu 18, wakaanzishwa mara walipofika na kusafishwa kila siku. Wakafa 3. Kidudu kilikuwa kile kile na mashine zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni saa ya kuanza na wingi wa siku.

Sasa pimeni wenyewe. Kutoka Kajiado mjini mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 70. Mtu aliyekaa siku tano na dawa ya malaria, siku mbili akitafuta nauli, na siku moja akitafutiwa kitanda, amekwisha kuingia katika kundi la kwanza kabla ya kuonana na daktari wa figo. Tangu Oktoba 2024 SHA imeshika mahali pa NHIF, na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Bei iliyotangazwa mwaka huo ya kusafishwa damu mara moja ilikuwa shilingi 10,650. Vibarua wangapi wa magenge wanaweza kutoa fedha hizo mfukoni hata kwa siku moja? Basi, asiyeandikishwa na aandikishwe sasa akiwa mzima, yeye na mkewe na watoto. Mtu hafungi mkanda wa gari baada ya ajali.

LA KUFANYA SISI WENYEWE

Kwanza, ukienda hospitali na homa, usingoje kuulizwa. Sema: "Bwana Daktari, mimi ni mfanyi kazi wa reli. Wiki iliyopita nilizibua kalvati yenye maji machafu." Kama wewe ni mchinjaji, mchunga ng'ombe au mzoa takataka, sema hivyo hivyo. Huko Uingereza wafanyi kazi wenye hatari hii hupewa kadi ndogo ya kuonyesha kwa daktari. Tunataka na sisi tuwe na kadi hiyo, yenye kuandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza: mwenye kadi hii hufanya kazi penye maji machafu, akiwa na homa, tafadhali kumbukeni leptospirosisi na mpime figo zake. Hiyo haihitaji mgomo. Yahitaji karatasi na mhuri wa chama.

Pili, funika kila kidonda kabla ya kuingia kazini, na unawe kwa sabuni na maji safi kabla ya kula au kuvuta sigara. Usinawe uso kwa maji ya mtaro hata jua likiwa kali.

Tatu, mwenzako akishikwa na homa, usimwambie ajikaze. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mpelekeni apimwe, na tarehe za kazi yake ya majini ziandikwe, kwa sababu zitamsaidia daktari leo na zitamsaidia katika fidia kesho.

TUNAYODAI

Hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga yanayofaa kwa wafanyi kazi walowao majini au washikao vitu vya kudhuru, pamoja na glavu na viatu panapohitajika. Buti lililotoboka si buti. Glavu moja ya kupokezana watu wanne si glavu. Panapo wafanyi kazi 20 au zaidi sheria hiyo yataka kamati ya usalama; basi jambo hili liingizwe katika kitabu cha kamati, na jibu la mwajiri liandikwe.

Shirika la Kazi la Dunia liliandika leptospirosisi katika orodha yake ya magonjwa ya kazi ya mwaka 2010. Sheria yetu ya fidia ya mwaka 2007 nayo yatambua kwamba mtu aweza kuumizwa na kazi kwa ugonjwa, si kwa chuma peke yake. Mtu aliyeangukiwa na reli kila mmoja humwona. Mtu aliyeingiwa na kidudu katika kalvati hakuna amwonaye, naye huambiwa ameugua nyumbani kwake. Tunadai kwamba homa ya namna hii, kwa mtu aliyetumwa majini, ichunguzwe kama jambo la kazi.

Genge likitumwa kufungua njia wakati wa mafuriko, tunadai daktari aulizwe kabla. Iko dawa ya kukinga. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1984, askari wa Marekani waliokuwa porini Panama waligawanywa. Waliopewa doksisaiklini kila wiki aliugua mmoja, na wasiopewa waliugua 20. Kama askari aliona faida hiyo, fundi wa njia asinyimwe.

Kwa wakubwa wa kaunti twasema: zibueni mitaro ya Kitengela kabla ya mvua, na takataka za sokoni na machinjioni ziondolewe. Hospitali na ziandike kazi ya kila mgonjwa wa homa. Na malipo ya mashine yapangwe yakimfikiria pia mgonjwa wa ghafula, anayehitaji kusafishwa kila siku kwa muda mfupi, si yule wa mara mbili au tatu kwa wiki tu.

Mwisho, neno juu ya vibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyi kazi, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara. Kibarua anayeandikwa leo na kufutwa kesho hazifikii siku hizo, naye ndiye anayetumwa kwanza majini. Huyo huja kazini na homa yake, kwa sababu akikosa siku moja hana unga. Tusiseme si mwanachama. Kidudu hakiulizi kadi ya chama. Kama tunataka figo za mwanachama ziwe salama, tudai buti la kibarua pamoja na buti letu, na katika mkutano ujao jambo la kadi lipigiwe kura.

Mhariri